Kimumu: rangi ni mpya, lakini mnunuzi anafungua mfereji

Nyumba ikiingia sokoni hapa Kimumu, Eldoret, wa kwanza kuitwa ni fundi rangi. Anafuata wa silingi, kisha kijana wa kufyeka nyasi na kupaka geti rangi nyeusi yenye ncha za dhahabu. Mwenye nyumba akishapiga hesabu ya hayo yote huiongeza juu ya bei, na mara nyingi huongeza kuliko alichotumia. Ugomvi wake na dalali huanzia hapo.

Dalali mmoja ambaye kwa miaka mingi amezungusha wateja kandokando ya barabara ya Iten ameniomba nisimtaje, kwa kuwa wenye nyumba anaowalalamikia ndio wanaomlisha. Ana kisa anachopenda kukisimulia. Nyumba ni ya vyumba vitatu, ploti ya 50 kwa 100, mwenyewe ni mwalimu mstaafu aliyechukua mkopo wa chama ili aitengeneze. Aliweka silingi ya jipsamu yenye taa za bluu zilizofichwa pembeni, ukuta mmoja wa sebule akaupaka kijivu iliyokolea, kabati za jikoni zikang'aa.

Mteja wa kwanza alikuwa mkimbiaji, ametoka kushinda pesa ng'ambo. Aliitupia silingi jicho moja, akapita hadi uani, akauliza jiko la kuni liko wapi, maana mama yake akija hapiki kwa gesi. Wa pili ni mama anayefanya kazi ya uuguzi Marekani, akionyeshwa nyumba kwa simu na dadake. Taa za bluu alizipenda sana. Ila dadake, ambaye ndiye aliyekuwa ndani, alifungua mfereji wa jikoni ukakohoa hewa, mazungumzo yakaishia hapo. Wa tatu hakuingia kabisa. Alipima kiwanja kwa hatua zake, akataka kujua kama vyumba sita vya wanafunzi vingetosha nyumba ikibomolewa.

"Mzee, hizi taa ulijinunulia mwenyewe," dalali anasema alimwambia mwalimu.

"Wewe kijana, kazi yako ni kuleta watu."

Salamu zao tangu siku hiyo ni za mbali.

Ninampa dalali huyu nafasi kubwa nikijua ana lake moyoni: hulipwa nyumba ikiuzwa tu, mafuta ya gari anayanunua kila siku, na bei ya chini haimwumizi kama inavyomwumiza mwenye mali. Hata hivyo, wenzake wawili niliozungumza nao wanalia kilio hichohicho. Wanunuzi wa Kimumu hawana jicho moja. Kuna mhadhiri anayetaka kuwa karibu na chuo kikuu kilichoko Chepkoilel, kuna mkulima aliyeuza mahindi na anataka geti linalopitisha trekta, kuna wa ughaibuni anayekuja Desemba na orodha mkononi, na kuna wa kupangisha anayehesabu milango tu. Utampambia nani?

Mafundi wana jibu lao: krimu. Si kwamba kuna anayeipenda sana, ila hakuna anayeichukia. Sakafu nayo iwe ya vigae visivyoteleza, maana tope jekundu la Kimumu halijali ladha ya mtu.

Kuhusu vyombo, wanunuzi hawaelewani. Wateja wa ughaibuni hupenda nyumba tupu, waone nafasi. Wazee wa hapa wakiikuta tupu huuliza waliokuwemo waliondoka kwa nini, na katika mji unaokumbuka ghasia za baada ya uchaguzi za mwanzo wa 2008, swali hilo lina uzito wake. Dalali wangu huwashauri wenye nyumba waache meza, viti vichache na pazia, ila picha za mahafali ziteremshwe ukutani.

Ambacho rangi haikifichi ni mvua. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na masika yake huanza Machi au Aprili yakavuta hadi Agosti au Septemba. Ukuta uliopakwa Januari hutoa siri yake Mei. Fundi mmoja amemwona mnunuzi mzee akisogeza kabati la chumba cha kulala, akakwaruza nyuma yake kwa ufunguo, rangi ikabanduka kwa tabaka kama chapati. Bei ilishuka palepale, na mwenye nyumba hakubisha.

Afisa mmoja wa mambo ya ardhi, naye hataki kutajwa, anashikilia kuwa nyumba safi zinanunuliwa haraka na bei zimepanda tangu Eldoret ipewe hadhi ya jiji Agosti 2024. Nikamwuliza zimepanda kwa kiasi gani. Alinijibu kwamba ushuru wa stempu ni asilimia 4 mijini. Hiyo ni kweli, ila ni pesa inayomtoka mnunuzi; haisemi lolote kuhusu bei. Muuzaji naye ana kodi ya faida ya mtaji, iliyopandishwa kutoka asilimia 5 hadi 15 Januari 2023. Gharama za kuiongezea nyumba thamani zinaweza kukatwa kwenye hesabu hiyo zikiwa na ushahidi, lakini fundi wa jipsamu hulipwa kwa simu, na risiti hana.

Takwimu rasmi zina jambo jingine: mikopo ya nyumba ya benki nchini kote mwishoni mwa 2023 ilikuwa takriban 30,000 tu. Anayenunua Kimumu basi huja na pesa taslimu au huomba kulipa kidogo kidogo, na huja na shangazi, fundi wake na wakili. Kundi kama hilo si rahisi kulilaghai kwa taa.

Huenda hadhi ya jiji ikaleta wanunuzi wanaolipia umaridadi. Madalali wenyewe hawakubaliani. Wangu anasema pesa ya maandalizi ianze kwenye tangi la maji, mtaro na hati miliki, kinachobaki ndipo kiende kwenye krimu. Mwalimu hajamsikia. Mara ya mwisho nilipopita, ukuta wa kijivu ulikuwa umepakwa upya, safari hii kijani, na mfereji wa jikoni ulikuwa bado unakohoa.