Wafu Wasiokumbuka: Filamu ya Kati Kati na Lugha ya Msiba katika Bonde la Ufa

Mtu anayepanda kutoka mjini Nakuru hadi ukingoni mwa Menengai hukutana na shimo lenye ukubwa wa takribani kilomita 12 kwa 8, ambamo mvuke hufuka mahali mahali kutoka katika miamba. Wanajiolojia huueleza mvuke huo kwa joto la ardhini, na tangu mwaka wa 2011 visima vimekuwa vikichimbwa humo kwa ajili ya umeme. Masimulizi ya wenyeji yana maelezo mengine. Inasimuliwa kwamba katika vita vya karne ya 19 baina ya Wamaasai wa Ilpurko na wenzao wa Ilaikipiak, walioshindwa walitupwa shimoni humo, na kwamba mvuke ule ni roho zao zikitafuta njia ya kupanda mbinguni. Jina lenyewe la Menengai huhusishwa na neno la Kimaasai lenye maana ya maiti. Wagikuyu nao wamepaita Kirima kia Ngoma.

Mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kutua kidogo hapa. Ngoma ya Kigikuyu si ile ya kuwambwa na kupigwa; ni roho ya aliyekufa. Wahubiri na waongozaji wa watalii wamezoea kulifasiri jina hilo kuwa kilima cha mashetani, na hivyo wafu wa watu wakageuzwa mashetani kwa kosa la tafsiri tu. Hata hivyo, mapango ya Menengai yangali yakijaa waumini wanaokwenda kufunga na kuomba. Mahali pa kuzungumza na ulimwengu usioonekana pamebaki palepale.

Ni vyema filamu ya Kati Kati itazamwe kutoka katika ukingo kama huo. Filamu hii iliongozwa na Mbithi Masya, ambaye awali alijulikana kama mmoja wa wanamuziki wa kundi la Just a Band, naye aliiandika pamoja na Mugambi Nthiga. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2016 katika tamasha la Toronto, ikatunukiwa huko tuzo ya wahakiki ya FIPRESCI, na baadaye ikateuliwa kuiwakilisha Kenya katika kinyang'anyiro cha tuzo za Oscar. Haizidi sana saa moja na robo. Msuko wake ni mwepesi kuusimulia: mwanamke aitwaye Kaleche (Nyokabi Gethaiga) anajikuta nyikani akiwa amevaa vazi la hospitali, bila kumbukumbu yoyote ya alikotoka. Anafika kwenye makazi yanayofanana na hoteli ya watalii, anapokewa na Thoma (Elsaphan Njora) pamoja na wenzake, kisha anaelezwa kuwa amekufa. Wote waliopo wamekufa. Mahali penyewe panaitwa Kati Kati.

Kwa mujibu wa tahajia sanifu, neno hilo lingeandikwa kwa pamoja: katikati. Huenda utenganisho huo ni mazoea tu ya mitaani, lakini ni vigumu kuutazama bila kuuona mwanya uliopo kati ya silabi zile nne, kana kwamba neno lenyewe limekatika pale linapotaja kukatika.

Filamu za taharuki zinazohusu kilio na mawasiliano na wafu zina kaida yake inayojulikana. Aliye hai amefiwa, uchungu unamzidi, anatafuta mtu au kifaa cha kumwita marehemu, kile kinachoitika si kile alichokitarajia. Katika Don't Look Now (1973) ya Nicolas Roeg, wazazi waliofiwa na binti yao wanakutana mjini Venice na mwanamke kipofu anayedai kumwona mtoto huyo. Katika Talk to Me ya ndugu wawili wa Australia, iliyotoka miaka 50 baadaye, msichana aliyefiwa na mama yake anaushika mkono uliokaushwa na kuzikaribisha roho zimwingie. Hofu ya filamu hizo hutoka kwa walio hai. Wao ndio wanaokataa kuachilia.

Kati Kati inaipindua kaida hiyo. Hakuna mganga, hakuna kilinge, wala hakuna aliye hai anayebisha hodi. Kamera imewekwa upande wa pili, na wenye msiba ni marehemu wenyewe: wanajiombolezea, tena bila kujua hasa wanaomboleza nini. Wanaogelea, wanakunywa, wanacheza. Wakihitaji kitu wanakiandika kwenye karatasi nacho kinaletwa. Kitu kimoja tu hakiletwi kwa njia hiyo, nacho ni kumbukumbu. Ile inayomrejea mmoja wao humjia kwa kishindo, na dalili yake ni weupe kama wa majivu unaotanda juu ya ngozi. Kutisha kwa filamu hii kumo katika weupe huo, kuliko katika kelele au giza.

Ili kuona uzito wa upinduzi huu, inafaa kurejea kwa John Mbiti. Katika kitabu chake mashuhuri cha mwaka wa 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, Mbiti aliteua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, ayafanye nguzo za nadharia yake ya wakati. Aliyekufa, kwa maelezo yake, hubaki katika sasa madhali wapo walio hai wanaomkumbuka kwa jina. Huyo ni mfu-hai. Anapokufa mtu wa mwisho aliyemjua, hutokomea katika zamani na kuwa roho isiyo na jina. Nadharia hiyo imekosolewa sana, hasa kwa jinsi inavyozungumzia wakati ujao, lakini sehemu inayohusu jina imedumu. Katika Mbiti, basi, marehemu hushikiliwa na kumbukumbu za walio hai. Katika Kati Kati marehemu hushikiliwa na usahaulifu wake mwenyewe. Hawezi kuendelea mbele kwa sababu hajakubali kulitaja alilolitenda au alilotendwa.

Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa kulieleza jambo hili, ingawa wahakiki wengi wa filamu hiyo waliegemea istilahi za Kikatoliki za toharani. Lipo neno barzakhi, lililotoka katika Uislamu, lenye maana ya hali iliyo baina ya kifo na ufufuo. Lipo neno koma, ambalo Wamijikenda wangali wakilitumia kwa roho za wazee wao. Na lipo mzimu, ambalo linastahili makala yake. Ndugu zake wa Kibantu wametapakaa: aimu wa Kikamba ni roho za waliofariki, ilhali irimũ la Kigikuyu ni jitu lile la hadithini, sawa na zimwi letu. Shina moja, basi, limemzaa babu anayetambikiwa na dubwana linalokula watu. Anayetaka kuifahamu saikolojia ya filamu za mizimu angeweza kuanzia hapo: tofauti ya mzimu na zimwi ni kama aliyekufa anatajwa kwa jina au la.

Wakalenjin wa Bonde la Ufa wanalo tendo linaloonesha hilo waziwazi. Katika desturi ya Wakipsigis na Wanandi, mtoto mchanga alipotafutiwa jina, wanawake waliokusanyika walitaja majina ya jamaa waliofariki, moja baada ya jingine, huku mtoto akitiwa ugoro kidogo puani. Jina ambalo mtoto alilipigia chafya ndilo lililokuwa lake. Roho hiyo ilikuwa imeitika. Hapa pana mawasiliano kamili na wafu, lakini hapana hofu wala giza. Pana orodha ya majina, chafya na kicheko.

Lakini je, inakuwaje pale ambapo majina hayatajiki?

Mmoja wa wakazi wa Kati Kati ni King (Peter King Mwania), mtu wa kanisa ambaye dhamiri yake imebeba mzigo wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Kwa mtazamaji wa Toronto huenda huyo ni mhusika mmoja miongoni mwa wengi. Kwa mtazamaji wa Nakuru haiwezekani awe hivyo. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iliripoti mwaka wa 2008 kwamba watu 1,133 waliuawa nchini, zaidi ya nusu yao katika mkoa wa Bonde la Ufa kama ulivyokuwa wakati huo. Mnamo Januari 1, 2008 kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa likiwa limejaa watu waliokimbilia humo. Mnamo Januari 27, baada ya Nakuru kuwaka kwa siku kadhaa, watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba moja mjini Naivasha, wengi wao wakiwa watoto. Waliouawa katika mkasa mmoja hawakuwa wa kabila la waliouawa katika mwingine, na hilo ndilo linaloufanya msiba wa eneo hili kuwa mgumu kusimulika. Kila upande una wafu wake, na kila upande una mambo ambayo hausemi.

Judy Kibinge alikuwa amekwisha kuigusa mada hiyo katika Something Necessary (2013), filamu iliyotolewa, kama Kati Kati, kwa ushirikiano wa One Fine Day Films na Ginger Ink. Yeye aliwaweka mjane na kijana aliyeshiriki uvamizi katika uhalisia mtupu: shamba, nyumba iliyoungua, fundi, deni. Masya alichagua uhalisiajabu, na uteuzi huo una faida moja kubwa. Mtenda maovu aliye hai anaogopa polisi, mahakama na jirani. Anaweza kukana hadi mwisho. Mtenda maovu aliyekwisha kufa hana wa kumkania. Nchi ambayo mashahidi wake walinyamaza, na ambayo kesi zake za The Hague ziliporomoka kati ya 2014 na 2016 bila yeyote kuhukumiwa kwa mauaji hayo, imelazimika kumtafuta wa kukiri huko kuzimu.

Wasomaji wa riwaya ya Kiswahili hawatashangaa. Said Ahmed Mohamed alifanya jambo linalokaribiana na hilo katika Babu Alipofufuka (2001), ambamo mzuka wa babu unamjia usiku mjukuu wake, K, aliyeneemeka kwa uongozi mbaya, na kumburura katika safari ya kuyaona matokeo ya matendo yake. Tofauti iko katika mwelekeo wa lawama. Babu anajua kila kitu na amekuja kushtaki. Wafu wa Masya hawajui kitu, na mashtaka inabidi wayatoe ndani mwao. Katika riwaya, taharuki inatokana na swali la nini kitampata K. Katika filamu, inatokana na swali la nani atakayekumbuka kwanza, na Kaleche na Thoma wanahusika katika swali hilo kwa namna ambayo haifai kumfichulia asiyeitazama.

Filamu hii haikosi kasoro. Mazungumzo yake yameegemea mno Kiingereza. Kiswahili na Sheng huchomoza kama viungo kwenye mchuzi, katika hadithi ambayo kichwa chake kimekopwa Kiswahili. Wafu wake wanaelekea kuwa vijana wa mjini wenye nafasi yao, hivyo mama wa kambi ya wakimbizi wa ndani, au mzee wa Molo aliyehamishwa mara tatu, hana kiti pale hotelini. Aidha, King anapewa muda mfupi kuliko uzito wa jambo analolibeba.

Mwaka mmoja baada ya ghasia hizo, Januari 31, 2009, lori la mafuta lilianguka na kulipuka huko Sachangwan, kwenye barabara itokayo Nakuru kuelekea Eldoret, likaua watu zaidi ya 100 waliokwenda kuchota petroli. Wengi hawakutambulika, wakazikwa pamoja. Hakuna mtu anayejua ni jina lipi la kutaja juu ya kipande kipi cha kaburi lile. Filamu yao haijatengenezwa.