Mbwa, Mapupu na Uvimbe wa Maji

Katika kutembelea vikundi vya Kiamaiko tumeulizwa tena na tena juu ya mbwa wanaozunguka machinjio ya mbuzi. Wako wanaosema wauawe wote. Wako wanaosema mbwa ni askari wa ploti, aachwe. Sisi tungependa tuanze na kile anachokula, kwa sababu hapo ndipo ugonjwa huingia.

Mbuzi wanaochinjwa Kiamaiko hutoka mbali, wengi kaskazini, pande za Marsabit na Isiolo. Mbuzi akipasuliwa, pengine utaona kwenye ini au mapafu uvimbe mweupe uliojaa maji, mdogo kama punje ya mahindi au mkubwa kama ngumi. Mkaguzi wa nyama huikataa sehemu hiyo, na sheria ya nyama, Sura ya 356, inampa uwezo huo. Taabu huanza pale mapupu yaliyokataliwa yanapotupwa kando. Mbwa hawezi kusoma muhuri wa mkaguzi!

Ndani ya maji yale mna vichwa vidogo vidogo vya mnyoo aina ya tegu. Mbwa akivila, vinakua tumboni mwake. Mnyoo wenyewe ni mfupi kuliko punje ya mchele, kwa hiyo hutauona kwenye kinyesi kama ile minyoo mirefu. Baada ya wiki 6 au 7 hivi mbwa huanza kutoa mayai. Yeye mwenyewe hakondi wala hakohoi, anabweka tu kama kawaida, na hapo ndipo watu hudanganyika.

Mayai hushika manyoya, udongo, maji na mboga. Mtoto anamshika mbwa, kisha anakula mkate bila kunawa. Yai likimwingia, uvimbe hukua polepole kwenye ini au mapafu, labda miaka 5, labda 10 au zaidi. Anayeambukizwa leo akiwa nasari anaweza kuja kuumwa akiwa na watoto wake. Huyo mama atamkumbuka vipi mbwa wa zamani?

Wengi hufikiri ugonjwa huu unatoka kwa kula nyama ya mbuzi. Hapana. Mtu huupata kutoka kinyesi cha mbwa. Mbuzi naye huupata hivyo hivyo, akila majani mahali mbwa alipojisaidia. Kwa hiyo ninyi wenye mbuzi huko ushago jambo hili ni lenu pia.

Turkana wanaujua vizuri. Huko mbwa hukaa karibu sana na mama na watoto, na ugonjwa ulikuwa mwingi kuliko karibu popote duniani. Mwaka 1983 AMREF ilianzisha kazi ya kupasua wagonjwa, kupima watu matumbo kwa picha na kuwapa mbwa dawa. Ilikuwa kazi ya miaka mingi, maana kumpasua mtu mmoja hakumzuii mbwa kumwambukiza mwingine.

Mtu mwenye uvimbe tumboni aende hospitali apigwe picha. Wengine hupewa vidonge vya albendazo kwa muda mrefu, wengine hupasuliwa. Tafadhali, asikubali mtu wa mtaani autoboe. Maji yakimwagika ndani yanaweza kumuua papo hapo, au kuzaa uvimbe mwingine.

Na mbwa je? Mapupu na maini yenye uvimbe yachomwe, au yazikwe kwa kina ambacho mbwa hatafukua. Kama ni lazima mbwa ale mapupu, yakatwe vipande na yachemke nusu saa au zaidi. Kuyababua juu ya makaa hakutoshi. Halafu kuna dawa, prazikwanteli, miligramu 5 kwa kila kilo ya mbwa, angalau mara 4 kwa mwaka. Muulize daktari wa mifugo kwa jina hilo, kwa sababu dawa nyingi za minyoo za dukani hazimwui tegu huyu.

Kikundi kinaweza kuchanga, kikamwita daktari siku moja kwa mbwa wote wa ploti. Gharama ya safari yake mnaigawana. Dawa humwua mnyoo lakini haiui mayai. Basi mbwa afungwe siku 2 baada ya kupewa, kinyesi chake kizolewe kwa koleo na kuchomwa au kuzikwa, na aliyezoa anawe kwa sabuni kabla hajashika kitu kingine.