Je, Wajua? Wanyama katika Sakafu za Kirumi

Sakafu ya mozaiki ilitengenezwa kwa vipande vidogo vya mawe ya rangi, na mara nyingine kioo, vilivyopangwa juu ya chokaa mbichi. Karibu na mji wa Piazza Armerina, Sicily, jumba la kifahari la karne ya 4 lina ushoroba wa takriban mita 60 ambao sakafu yake yote inaonyesha uwindaji. Wanyama hawauawi ovyo. Wengi wanakamatwa wakiwa hai, kwa ajili ya maonyesho ya viwanjani Roma. Mbuni wanabebwa mikononi hadi melini, tembo anapandishwa kwa ubao, na kifaru anavutwa kwa kamba kutoka kinamasini. Sakafu hii inaionyesha biashara hiyo ya kikatili kwa upana mkubwa.

Hila za wawindaji pia zimo. Chui milia jike anatazama tufe la kioo alilotupiwa. Kwa mujibu wa waandishi wa kale, hudhani taswira yake ndogo ni mtoto wake aliyeibwa, akasimama, na mwindaji akapata nafasi ya kukimbia.

Huko Pompeii, wanyama walikuwa na kazi nyingine. Mlangoni mwa nyumba moja yupo mbwa mweusi aliyefungwa mnyororo, na chini yake maandishi ya Kilatini yanayomtahadharisha mgeni. Sakafu nyingine ya mji huo inaonyesha pweza akipambana na kamba mkubwa, huku samaki waliochorwa kwa ustadi wakiwazunguka. Aina nyingi kati yao zinatambulika hadi leo.