Ngege na sitatunga: Nani yuko hatarini zaidi?

Ukiagiza "ngege" pale Dunga, Kisumu, kuna uwezekano mkubwa unaletewa samaki mwingine. Siku hizi jina hilo la Kijaluo linabebeshwa karibu kila tilapia, na wengi sokoni ni Oreochromis niloticus, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950. Ngege mwenyewe ni Oreochromis esculentus. Hao ni jenasi moja, lakini hali zao ni mbingu na ardhi.

Sasa mlinganishe na sitatunga, yule swala wa matopeni. Kwato zake ndefu hutanuka asizame, na akitishwa hujitosa majini akabakisha pua tu. Yeye ni mamalia wa familia ya Bovidae, pamoja na ng'ombe na mbuzi. Ngege ni samaki wa Cichlidae. Kiukoo, wanachofanana ni uti wa mgongo, basi!

Kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, ngege yuko hatarini kabisa, ngazi moja tu kabla ya kutoweka porini. Sitatunga yuko ngazi ya chini, ya wasiotia wasiwasi mkubwa.

Lakini usikimbilie kusema sitatunga yuko fiti. Ngazi hiyo inahesabu dunia nzima, na wenzake bado wapo bonde la Kongo na Okavango. Hapa kwetu, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inamtaja kati ya walio hatarini.

Ngege naye alibanwa kila upande. Nyavu za makila zilifika mwaka 1905 zikamvua kupita kiasi. Baadaye niloticus akamnyang'anya makao na kuzaana naye, huku mbuta akimla.

Ajabu ni kwamba wote wawili wamejificha mahali pamoja: kinamasi cha Yala, Siaya. Mafunjo humficha sitatunga. Mafunjo hayo hayo hutenga Ziwa Kanyaboli na ziwa kubwa. Maji yake yana oksijeni kidogo, na mbuta, anayehitaji nyingi, hawezi kuyapenya. Ndiyo maana ngege bado yupo Kanyaboli.

Kwa hivyo mafunjo yakifyekwa na kuchomwa ili watu walime, usiulize ni mnyama gani anaumia. Ni wote wawili. Na ukiuliza nani yuko hatarini zaidi, uliza pia: hatarini wapi?