Mwizi wa Macho

Ndugu mfanyakazi wa Musonoi, kuna ugonjwa wa macho unaoitwa glaukoma. Kwa kawaida hauumi. Unaanza kula pembeni, na katikati mtu anaendelea kuona vizuri. Dereva wa lori mgodini hamwoni mwenzake anayepita kando, wala hajui kwamba haoni.

Leo, Marekani na penginepo, waganga wanatumia miwani mikubwa yenye video ndani. Unakazia macho nukta moja. Taa ndogo zinawaka huku na huku. Ukiiona moja, unabonyeza kitufe. Mashini inaonyesha mahali usipoona.

Hata pasipo miwani hiyo, mganga wa macho anaweza kukupima. Kilichopotea hakirudi, dawa hulinda kilichobaki. Una miaka 40, au mzazi wako ana glaukoma? Usingoje giza: nenda upimwe.