Shushani: Mji ulivunjwa, lugha ikabaki

Jina la Shushani wengi wetu tunalijua kutoka katika Biblia. Ndiko alikokaa malkia Esta, na ndiko Nehemia alikopata habari kwamba kuta za Yerusalemu zimebomolewa. Kumbe mji wenyewe upo hadi leo! Magofu yake yako kusini-magharibi mwa Irani, mahali panapoitwa Shush, na watu walianza kukaa pale zaidi ya miaka 6,000 iliyopita.

Wenyeji wake walikuwa Waelamu. Mwaka 647 kabla ya Kristo, Ashurbanipal, mfalme wa Ashuru, aliuvamia. Alijigamba katika maandishi yake kwamba alivunja mahekalu, akafukua mifupa ya wafalme na kumwaga chumvi juu ya ardhi. Hebu someni Ezra 4:9-10. Mtawakuta watu wa Shushani wamehamishwa, wanakaa Samaria, ugenini. Hao nao walijua maana ya kuacha nyumba na makaburi ya wazee.

Je, mambo yaliishia hapo? Hapana. Mwaka 612 Ninawi, mji mkuu wa Ashuru, nao ulianguka. Baadaye Dario, mfalme wa Uajemi aliyetawala kuanzia 522 hadi 486 kabla ya Kristo, alijenga jumba kubwa palepale Shushani. Wachimbaji wa mambo ya kale wamepata maandishi yanayotaja mafundi wake. Wababeli walifyatua matofali, Wagiriki walichonga mawe, Wamisri na Wamedi walifua dhahabu. Pembe za ndovu zilitoka India na pia Kushi, huku kwetu Afrika. Na mierezi ya Lebanoni, nani aliibeba hadi Babeli? Waashuri! Watoto wa waliobomoa wakabeba mbao za kujengea.

Jambo lililotugusa zaidi ni hili: habari hizo Dario aliziandika kwa lugha tatu, yaani Kiajemi, Kibabeli na Kielamu. Ashurbanipal alivunja kuta, lakini Kielamu hakukiweza, kwa sababu wazazi waliendelea kuwafundisha watoto wao.

Basi, wazazi wenzetu, nyumba tuliziacha. Lugha tulikuja nayo. Jioni tukikaa jikoni tuongee na watoto kwa lugha ya nyumbani, tuwatajie kijiji, mto na majina ya mababu. Hiyo haihitaji hema wala mgao.