Polisi, amande na mshahara: pesa ya bariere inaenda wapi?

Leo tutaongea juu ya jambo ambalo kila mtu analisema sokoni, lakini hakuna anayelisema mbele ya mwenyewe. Tutaongea juu ya polisi.

Ukisimama kidogo kwenye bariere ya barabara ya Butembo-Beni, utayasikia majina yao yote. Mwizi. Mwenye njaa. Adui mwenye kofia. Mama ametoka kuchungulia shamba aliloliacha, amebeba mkungu wa ndizi mgongoni, anaombwa franki mia tano. Motari hana perimi, anaombwa elfu kumi. Akibembeleza inakuwa elfu tatu. Karatasi hakuna. Wote wawili wanaondoka wakitukana kwa sauti ya chini.

Lakini mambo ya hao wawili hayafanani, na sisi tunayachanganya.

Tuanze na motari. Sheria ya barabara ni ya tarehe 30 Agosti 1978, na polisi wa rulaje ana haki ya kumsimamisha. Asiye na perimi amekosa, tusimtetee bure. Huyo ndiye anaweza kumgonga mtoto wako kesho. Ila kusimamisha mtu ni kazi moja, na kupokea pesa yake ni kazi nyingine. Iko dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959 juu ya namna ya kufuata makosa. Inasema, kwa maneno mepesi, kwamba kosa likiwa dogo, la kumalizwa kwa faini tu, ofisa wa polisi ya mahakama, yule tunayemwita OPJ, anaweza kukualika ulipe kiasi fulani kwenye hazina ya serikali. Sikieni vizuri: kukualika, na kwenye hazina. Siyo kila askari mwenye filimbi ni OPJ. Ukikataa kulipa, faili inaweza kwenda kwa parke, na huko utajieleza. Pesa iliyoingia hazina inaacha alama, yaani PV na kitansi. Iliyoingia mfukoni ni matabishi, hata wakiiita amande.

Sasa yule mama wa ndizi. Kutembea kwa miguu siyo kosa la barabara. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 174, inasema kodi haiwezi kuwekwa ila kwa sheria. Mtumishi wa serikali anayetoza kisichodaiwa anafanya kosa, nalo limeandikwa katika kitabu cha adhabu, kifungu cha 146. Kwa hiyo mama huyo hakutoa rushwa. Ameibiwa. Tofauti yake ni mwenye gari anayenyoosha noti kabla hajaulizwa kitu, ili asionyeshe karatasi zake. Sheria ya tarehe 29 Machi 2005 juu ya rushwa inamshika anayepokea na anayetoa. Najua hapo wengi hamtafurahi.

Mtaniuliza: na mshahara wao je? Ni swali la haki. Tangu 2011 serikali ilianza kupitisha mishahara ya watumishi wake benki, ili wakubwa wasikate njiani. Ilisaidia. Lakini mshahara unaofika mzima unaweza kuwa mdogo bado, na askari ana kodi ya nyumba, ana watoto shuleni, naye mara nyingi ametumwa mbali na kwao. Nchi yetu inajua matokeo ya kuwaacha wenye bunduki bila malipo. Septemba 1991 askari walipora Kinshasa na miji mingine. Mwaka 1993 walilipwa noti za milioni tano za zaire, wafanyabiashara wakazikataa, wakapora tena.

Hata hivyo, njaa ya askari haielezi yote. Wataalamu walichunguza polisi wa rulaje wa Kinshasa, na utafiti wao ulichapishwa mwaka 2024. Waliona kwamba mapato ya kweli ya idara ile yalikuwa mara tano ya yale yanayotokana na faini. Asubuhi mkubwa anampa askari hesabu: leo utaniletea madereva kadhaa hapa posti. Askari asipowaleta, ana shida na mkubwa wake. Dereva akifika posti, hapo ndipo anakamuliwa. Basi yule unayemtukana njiani huenda anabaki na sehemu ndogo kabisa ya pesa yako. Nyingine inapanda ngazi. Sisemi hivi ili mumhurumie. Nasema kwa sababu ukimfukuza yeye peke yake, kesho utaletewa mwingine mwenye hesabu ileile.

Na hapa kwetu jambo hili si la franki tu. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanauawa mashambani na vijijini. Mara nyingi dalili zinatangulia: wageni wameonekana msituni, moshi mahali pasipo na watu, mtu ananunua chakula kingi kuliko nyumba yake. Anayeona dalili hizo ni yule mama wa ndizi. Akifika bariere na habari hiyo, je, atamwambia mtu aliyemnyang'anya jana? Anaogopa ataulizwa kitambulisho, na kitambulisho kiliungua pamoja na nyumba. Anapita kimya. Hiyo ndiyo bei ya mia tano.

Tufanye nini basi? Chuoni walinifundisha sheria hizi. Hawakunifundisha namna ya kuzisema mbele ya mtu mwenye bunduki saa moja jioni. Kama ni usiku, au mtu amelewa, toa upite, uhai kwanza. Mchana, mkiwa wengi, uliza kwa heshima: Afande, kosa langu ni lipi, na kitansi nitapewa wapi? Wengine wataachilia kwa swali hilo tu. Wasipoachilia, shika mahali, saa na kiasi. Aliyepoteza kitambulisho aombe kwa wakubwa wa utawala karatasi ya kuthibitisha upotevu. Akikamatwa mtu, lazima aambiwe sababu, na polisi hawawezi kumshika zaidi ya saa 48 bila kumfikisha mbele ya mahakimu. Ni kifungu cha 18 cha katiba.

Kwenu machefu: mtu mmoja akilalamika ataonekana mkaidi. Ninyi mkiandika malalamiko ya watu ishirini, yenye tarehe na saa, mnaweza kuyapeleka kwa komanda, na akinyamaza, kwa oditora wa kijeshi, kwa maana polisi wanahukumiwa na mahakama za kijeshi. Tangu tarehe 6 Mei 2021, ulipoanza utawala wa kijeshi katika jimbo letu, bariere nyingine ina askari wa aina mbili, kwa hiyo andikeni pia nguo aliyovaa. Na kama kuna chefu anayepata fungu lake jioni kutoka bariere, na hao wapo, huyo asitumwe kupeleka barua.

Wenye maulizo wayaandike, tutayajibu katika mazungumzo yajayo. Kwaherini.